Kiduara cha Leonida

Kila Ijumaa daftari la Zuhra lilirudi na majeraha ya kalamu nyekundu. Ijumaa hiyo ya mwaka 2015 lilijeruhiwa palepale pa siku zote: kwenye ncha za grafu.

"Mistari yako miwili inakutana kwenye namba nne, na ncha zote mbili umeziacha tupu," alisema Mwalimu Oswald. "Kiduara kilichojazwa maana yake namba imo. Kitupu, haimo. Sasa nne iende wapi?"

"Mwalimu, umenikata alama mbili kwa sababu ya nukta?" Zuhra alilalamika. "Hata mbu angenihurumia!"

Darasa liliangua kicheko. Alama hazikurudi.

Kesho yake Zuhra na wenzake walitoka Ujiji na mwalimu wao kwenda kusaidia kugawa chakula uwanjani, mjini Kigoma. Meli ilikuwa imeleta wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga, kijiji cha mpakani. Msimamizi, Bwana Gervasi, alikuwa amesimika ufito wa kupimia urefu wa watoto na mabango mawili: "Chini ya sm 110: uji wa maziwa" na "Zaidi ya sm 110: ugali na maharage." Zuhra alikabidhiwa upawa wa uji, akaupokea kama waziri anayeapishwa.

Ikafika zamu ya Leonida, binti wa mkimbizi aliyeitwa Mama Agnesi. Ufito ukasema sm 110 kamili.

"Hayuko chini ya 110," alisema Gervasi. "Aende kwenye ugali."

Kwenye ugali wakampima tena. "Hajazidi 110. Arudi kwenye uji."

Leonida alienda na kurudi mara tatu, bakuli kavu mkononi.

"Baba, huyu hajala tangu jana," Mama Agnesi alisihi.

"Mama, mimi nafuata bango."

Zuhra alikuwa ameanza kucheka. Kisha akaona mdomo wa mtoto ukitetemeka, na kicheko kikamkauka. Alizijua ncha hizo tupu, zilikuwa za daftari lake! Aliweka upawa chini, akaokota kijiti, akachora mchangani mstari wa uji na mstari wa ugali. Yote miwili iliishia kwenye 110, kila mmoja na kiduara kitupu.

"Shikamoo, Bwana Gervasi. Nionyeshe 110 iko wapi hapa."

Gervasi aliinama, akaifuata mistari kwa kidole. "Haipo."

"Lakini imesimama mbele yako, ina njaa."

"Basi tujaze vyote viwili!" alisema Gervasi.

Leonida alitabasamu kwa mara ya kwanza.

"Hapana, atakula mara mbili na Mwalimu Oswald atakukata alama," Zuhra alijibu. "Jaza kimoja."

Gervasi alicheka, akachukua makaa, akaandika kwenye bango la kwanza: "Sm 110 na chini yake." Papo hapo watoto wengine watatu wa sm 110 kamili, waliokuwa wamekaa kando ya ukuta, wamekata tamaa, waliinuka na bakuli zao. Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Zuhra alimmiminia Leonida uji mpaka ukingoni.

"Mwalimu," alisema kwa unyenyekevu mkubwa, "zile alama zangu mbili?"

"Zinabaki kwangu," alijibu Mwalimu Oswald. "Ukiacha kazi bila kuimaliza kwa sababu unaiona ndogo, kuna mtu atakayeteseka kwa niaba yako. Leo umemwona kwa macho yako."

Jumatatu Zuhra alimkabidhi mwalimu daftari lake. Kiduara kimoja kwenye namba nne kilikuwa kimejazwa kwa bidii kiasi kwamba wino ulipenya hadi ukurasa wa tatu.