Boksi la Gari la Aidani

Leonce, rafiki yangu wa Bombambili, alikutwa na jambo hili miaka ile magari ya mitumba ya Japani yalipoanza kumiminika Songea. Korola yake iliharibika kontroli boksi, kile kisanduku cha umeme ambacho bila hicho injini haiwaki, siku ambayo mwanawe Jane alizidiwa na homa. Mjini spea hiyo haikuwapo, ila kwenye gari la jirani yake Aidani, aliyezikwa juzi.

"Shemeji, matanga hatujaanua," alisema Severina, mke wa marehemu.

"Marehemu ana safari gani tena? Mimi nina mgonjwa."

"Haya, fungua. Mtajibizana wenyewe."

Leonce alilifunga boksi lile na gari likawaka mara moja. Akamlaza Jane kiti cha nyuma, akashika njia ya hospitali ya Peramiho. Giza lilikuwa limeshaingia walipopita nyumba za mwisho, na hapo injini ikaanza kukohoa. Alisimama, akazunguka hadi mlango wa abiria, akainama kukaza plagi ya boksi chini ya dashibodi. Boksi likachomoka lote, likabaki mikononi mwake. Injini haikuzima. Ilitulia, ikanguruma vizuri.

Alirudi hatua moja nyuma, nje ya gari. Mlango ukajifunga na vitasa vyote vikashuka kwa mlio mmoja. Alimulika tochi kiooni. Jane alikuwa bado amelala. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu, lakini mkanda wake ulikuwa umefungwa, ukituna na kushuka taratibu, kama kifuani mwa mtu anayepumua.

Kisha akasikia gia ikiingia.