Dume Lisilobisha Hodi

"Jike limeshiba?"

"Limekula nyenje tangu asubuhi. Limeshiba mpaka limevimbiwa."

"Basi tujaribu, Sista."

Fundi wa majokofu akafungua kopo la aiskrimu alilokuja amelikumbatia kifuani. Ndani mlikuwa na buibui dume, lenye manyoya, pana kama kiganja. Sista akakaa upande wa pili wa meza, brashi mkononi, tayari kuwatenganisha. Jike la buibui halina subira. Likimkataa mwanamume halisemi "nitafikiria", linamla.

Dume likatiwa kwenye kisanduku cha kioo. Wafugaji wanajua kinachotakiwa kufuata: dume lisimame mbali, ligonge chini kwa miguu, libishe hodi kama mgeni mwenye adabu. Jike likijibu, mambo yameiva. Dume la Fundi halikubisha hodi wala nini. Lilikimbilia kona likajikunyata kama mtoto siku ya kwanza ya shule.

"Bado," akasema Sista.

"Bado kweli," akaitikia Fundi, wala hakuonekana kusikitika. "Nije tena Jumapili?"

"Njoo."

Wakanywa chai, wakazungumza habari za udongo na unyevu, Fundi akaaga. Ndivyo ilivyokuwa kwa miezi.

Sista alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto. Mtaani walimwita Bi Buibui, akitokea wakageuza haraka wakasema Sista. Mumewe alifariki ghafla, na siku ya mazishi watu walimsubiri alie, wakasubiri mpaka wakaanza kunong'ona. Hakulia. Haukuwa ujasiri, alikuwa amekufa ganzi, na ganzi yenyewe haikuondoka. Alikula asisikie ladha, akacheka pale wenzake walipocheka. Buibui alianza kuwafuga baada ya hapo, kwa kuwa hawamuulizi mtu anajisikiaje. Siku Fundi alipokuja wodini kutengeneza jokofu la chanjo, aliona picha ya buibui kwenye simu ya Sista. Badala ya kuruka, akauliza, "Wa kike au wa kiume?"

Dada mkubwa wa Sista hakuelewa kabisa.

"Mdogo wangu, huyo mwanamume anafuata nini kwako kila Jumapili?"

"Analeta dume lipandishe, dada."

"Mh! Limepandisha?"

"Bado."

"Buibui gani huyo mwenye haya kuliko bwana harusi? Au mwenye haya ni mwenyewe?"

"Dada, nawahi zamu."

"Zamu, zamu. Utazeeka na wadudu wako."

"Buibui si wadudu."

"Haya, mwalimu."

Alhamisi ujumbe ukaingia: *Sista, nimepata kazi ya kudumu kiwanda cha samaki, mji mwingine. Naondoka Jumamosi mchana. Asubuhi nitapita kwako. Nina neno.*

Akausoma tena, akarudisha simu mfukoni, akaendelea kugawa dawa. Alijipapasa moyoni kama mtu anayetafuta funguo. Hakukuta kitu.

Jumamosi Fundi akaja na kopo lake, shati limepigwa pasi.

"Karibu. Tujaribu mara ya mwisho?"

"Leo silifungui." Akaliweka mezani. "Sista, nimekudanganya. Hili dume halijakomaa. Bado kijana, lisingeweza kupandisha hata kwa dawa."

"Najua."

"Unajua?"

"Dume lililokomaa lina vindoano kwenye miguu ya mbele. Lako halina. Niliona siku ile ya kwanza, hata chai hujanywa."

Fundi akacheka, kisha kicheko kikamkaukia. "Lililokomaa ninalo nyumbani. Ningelileta hilo, kazi ingeisha siku moja. Ningerudi tena kwa lipi?" Akalisogeza kopo pembeni. "Sikuwa nakuja kwa ajili ya buibui. Nataka kukuoa. Ukisema ndiyo, kazi ya kule naiacha, natafuta nyingine hapa hapa. Ukisema hapana, naenda zangu na sitakusumbua."

"Sijui."

"Sijui ndiyo nini sasa?"

"Fundi, sisikii kitu. Unaposema unaondoka, naona kama unamsema mtu mwingine. Mume wangu nilimpenda na sikumlilia. Wewe utafute mwanamke anayesikia."

Alitaka maneno hayo yamuume yeye mwenyewe. Hayakumuuma.

"Nashukuru kwa ukweli," Fundi akasema, akachukua kopo lake. "Jike lako ulishibishe vizuri kabla ya kuliletea dume lingine."

Akafunga mlango polepole, kama mtu anayetoka kwa mgonjwa. Sista akaosha vikombe. Akavifuta, akaviosha tena. Kisha akampigia dada yake.

"Ameondoka, dada. Kaniambia anataka kunioa, nikamwambia sisikii kitu."

"Ee Mungu wangu. Na hilo dume lake?"

"Halijakomaa. Alilileta makusudi apate sababu ya kuja. Nilijua tangu mwanzo."

"Ngoja. Ulijua, na kila wiki ukamwambia 'bado, njoo tena'?"

"Ndiyo."

"Wewe? Uliyemwambia mama mkwe wako mbele ya wageni kwamba mchuzi wake umezidi chumvi? Wewe ambaye hata mtoto humdanganyi kwamba sindano haiumi? Miezi yote hiyo umedanganya ili iwe nini?"

"Ili arudi."

Lilimtoka kabla hajalifikiria. Akakumbuka na alivyokuwa akilishindilia jike nyenje kila Jumapili, zaidi ya haja, kwa hofu lisije likalila lile dume changa na Fundi akakosa cha kuleta. Hofu. Kumbe alikuwa nayo.

"Sasa mimi unanisimulia ya nini?" dada akafoka. "Mpigie mwanamume!"

Akabonyeza namba.

"Haloo, Sista?" Nyuma ya sauti injini ilikuwa inanguruma.

"Gari limeondoka?"

"Ndiyo linatoka stendi. Vipi, jike limepata shida?"

"Shuka."

"Sista..."

"Nilikwambia sisikii kitu. Sikukudanganya, nilidhani ni kweli. Sasa kifua kinaniuma, Fundi. Kinaniuma hasa. Shuka."

Injini ikanguruma. Sista akaishikilia simu kwa mikono miwili.

"Nikirudi," Fundi akasema taratibu, "nitasema nimefuata nini? Dume bado changa."

"Njoo bila dume."

Akamsikia akipaza sauti, "Konda! Konda, nishushe hapa!" na abiria wakilalamika, na mmoja akiuliza kopo hilo lina nini. Sista akaketi sakafuni, mgongo ukutani. Machozi yakaanza kabla hajajiandaa, na alipoanza hakuweza kuyazuia. Alilia kwa sauti mpaka majirani wakatoka nje, akimlilia yule aliyezikwa bila chozi lake, na huyu aliyekuwa njiani anarudi.