Dohani Moja, Moto Mmoja

Hii hutaamini, lakini video ninayo. Kuna kitu kilipotea nyumbani kwetu miaka tisa iliyopita. Kikatugombanisha na majirani. Halafu kikapatikana juu ya vichwa vyetu, pale pale tunapoota moto kila siku. Na kisingepatikana, leo bibi yangu angekuwa anaishi ghorofa ya tano mjini Udine, anahesabu magari dirishani.

Ngoja nianze mwanzo.

Nyumba yetu iko Carnia, milimani kaskazini mwa Italia. Ni nyumba ya mawe. Jikoni kuna meko ya ukutani, mapana kiasi kwamba mtu anaweza kuketi ndani yake. Bibi Nives amewasha moto hapo tangu siku aliyoolewa. Asubuhi kahawa. Mchana polenta, ugali wetu wa mahindi, ndani ya sufuria ya shaba. Jioni soksi zetu zinaning'inia hapo zikauke. Ni moto mzuri kuutazama, lakini una hila. Ukikaa mbele yake magoti yanaiva na mgongo unaganda. Joto lote linapanda na dohani, linakwenda kuwapasha kunguru.

Mwezi wa kumi na moja bibi alilazwa kwa homa ya mapafu. Aliporudi, daktari alisema nyumba lazima iwe na joto sawasawa, mchana na usiku. Shangazi Loreta akapiga simu kutoka Udine. Alisema anatupa mpaka Epifania, tarehe sita Januari. Siku hiyo kama nyumba bado ni baridi, anakuja na gari na mama yake anaondoka naye.

"Nitatoka humu nimebebwa na watu wanne," bibi alisema, akarudi kukoroga polenta yake.

Baba yangu, Rino, hakutaka kungoja. Alinunua jiko la peleti. Peleti ni unga wa mbao ulioshindiliwa ukawa vipande vidogo, kama chakula cha kuku. Unavimimina ndani ya jiko kwa juu, unabonyeza kitufe, jiko linajilisha lenyewe kidogo kidogo na kupuliza hewa ya moto chumba kizima. Jambo zuri sana. Likifungwa vizuri.

Na hapo ndipo penye shida. Fundi wa dohani kijijini kwetu ni mmoja tu, Ornella. Anasafisha madohani na kufunga majiko bonde zima, na cheti anacho. Anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Lakini kwetu alikuwa hakanyagi.

Kisa ni paja la nguruwe.

Miaka tisa iliyopita babu alitundika paja ndani ya dohani likauke kwa moshi, kama tunavyofanya huku. Lilikuwa la Pasaka. Babu akafariki kabla ya Pasaka. Baada ya mazishi bibi akachungulia, paja hakuna. Na asubuhi ya mazishi alikuwa amemwona mzee Tite, baba yake Ornella, akitoka uani kwetu. Basi, kesi imekwisha. Shahidi bibi, hakimu bibi. Tangu hapo ukoo wa Tite hatuusalimii hata kanisani. Na dohani yetu haijaguswa na brashi miaka tisa.

Kwa hiyo baba akasema tutafunga wenyewe. Aliyemtafutia video ni mimi, sikatai. Jamaa wa kwenye video alifunga jiko lake kwa dakika kumi na moja, huku muziki unapiga. Baba akasema akishindwa na jambo la dakika kumi na moja, basi avue suruali avae sketi ya bibi.

Bibi alitoa sharti moja. Moto wake wa polenta ya Jumapili usiguswe. Baba akafikiri, akapata dawa. Aliweka jiko kando ya meko, akachukua kipande cha bomba cha mita moja, akakichomeka ndani ya dohani. Pembeni akaacha wazi ili moshi wa kuni nao upite. Mioto miwili, dohani moja.

"Dohani hii pana," alisema, "hata ng'ombe anapita."

Siku tatu tuliishi kama wafalme. Ikaja Jumapili. Jiko la peleti linawaka, na meko ya bibi yanawaka. Tumefunga madirisha kwa sababu nje theluji. Nilianza kuumwa kichwa kabla sijamaliza sahani. Baba naye akasema kichwa chake kizito. Bibi akalaumu mvinyo. Mimi nilikuwa nimekunywa maji, lakini hata sikuwa na nguvu ya kubisha. Nilikuwa nimelaza shavu mezani, natazama simu na sisomi kitu. Paka alikuwa amegoma kuingia ndani tangu asubuhi. Tukamcheka.

Wakati huo Ornella alikuwa anapita barabarani na ngazi yake. Fundi wa dohani haangalii watu, anaangalia mapaa. Aliona paa letu lina jambo geni. Theluji ilikuwa imekaa juu ya mdomo wa dohani, haijayeyuka, na moshi hautoki ila uzi mwembamba. Lakini dirishani aliona moto. Akajiuliza, moto unawaka, moshi unakwenda wapi?

Alisukuma mlango bila kubisha.

"Bibi Nives, matusi utanipa tukiwa nje," alisema. "Toka sasa hivi. Wote tokeni."

Alizima jiko, akafungua kila dirisha, akatoka na makaa ndani ya ndoo ya chuma. Alipita na kifaa kidogo cha kupimia hewa mkononi, kinalia kama kifaranga aliyepotea. Sisi tumesimama kwenye theluji, bibi na mwiko wake. Ornella akatueleza kwamba dohani imeziba, na hewa ya sumu ilikuwa inarudi chumbani.

Baba akasema hakuona moshi wowote.

"Ndiyo maana inaua, kaka Rino," Ornella akamjibu. "Moshi ukiuona unakohoa unakimbia. Hii haina rangi wala harufu. Inakulaza tu. Mkiumwa vichwa wote pamoja nyumbani, msiulize nani kalewa. Tokeni nje, pigeni simu ya dharura."

Simu alikuwa ameshapiga. Wahudumu walikuja, wakatupima damu, wakatuvalisha vinyago vya oksijeni. Bibi akawauliza kama ndani ya kile kinyago hawawezi kuweka tone la grappa, pombe yetu kali ya zabibu. Hapo nikajua amepona.

Jioni shangazi Loreta alikuwa ameshasikia. Kijiji chetu hakihitaji redio. Alisema Epifania ni mbali mno, anakuja keshokutwa. Baba akajaribu kumtuliza, akaomba angalau tarehe aliyotupa ibaki. Akakubali kwa shingo upande. Simu ilipokatika baba alimwambia bibi ukweli. Ama Ornella aingie humu, ama mama ufungashe.

Bibi aliufuta mwiko wake, akautundika ukutani.

"Aje," alisema mwishowe. "Lakini namhesabia. Alichoingia nacho ndicho atakachotoka nacho."

Ornella alikuja asubuhi na brashi zake. Mzee Tite alimsindikiza mpaka getini na fimbo yake, akasimama hapo. Ndani hakuingia. Bibi alikaa kwenye kiti katikati ya chumba na kuhesabu kwa sauti. Brashi tatu. Kamba moja. Ndoo mbili.

Ornella alisema fundi hafungi kitu kabla hajaiona dohani nzima, kutoka chini mpaka juu. Kamera yake betri ilikuwa imekufa kwa baridi. Akanitazama. Akaitazama simu yangu. Nilijua kinachokuja, nikaikumbatia simu.

Tuliifunga simu ndani ya soksi ya babu, tukaitoboa soksi tundu la kamera, tukawasha tochi. Ornella akapanda paani akaishusha kwa kamba. Mimi nilibaki chini naomba Mungu. Ilipotoka tulikusanyika kuitazama. Masizi mazito, yanang'aa kama lami. Ornella akasema hayo yenyewe yanaweza kushika moto na kuchoma paa. Halafu pale dohani inapopinda, kwenye ukingo wa mawe, tukaona kitu cheusi kimeegemea ukuta. Kimeziba nusu ya njia.

Baba akasema kunguru aliyekufa.

"Kunguru gani anafungwa kamba?" Ornella akauliza.

Alichukua fimbo ndefu yenye ndoano. Akavuta. Ikasikika sauti ya mawe yakiporomoka, masizi yakajaa, na kitu kikatua kwenye meko kwa kishindo. Cheusi kama kaa, kigumu kama gogo. Kwenye mfupa kulikuwa na kamba, na kwenye kamba kulikuwa na fundo la babu, lile la kuzungusha mara tatu. Alikuwa ameongeza uzi wa bluu wa aproni ya bibi. Ndoano aliyolitundikia ilikuwa imevunjika. Babu alilitundika lile paja juu kupita kawaida, labda sisi walafi tusilione, likadondoka likakwama.

Ornella alikuwa na haki ya kusema lolote. Alijifuta uso, akaongeza masizi badala ya kupunguza.

"Na hiki, Bibi Nives," alisema taratibu, "nimeingia nacho?"

Bibi aliinuka akaingia chumbani, akafunga mlango.

Kazi ilichukua siku mbili, nami sikubanduka. Ornella aliisugua dohani mpaka mawe yakaonekana. Halafu akashusha bomba jipya la chuma kisichoshika kutu, kutoka paani mpaka kwenye jiko, bila kukatika. Nilimuuliza kwa nini tusitumie dohani yenyewe wakati ni pana hivyo.

"Upana ndio ubaya," alisema. "Moshi wa peleti ni mchache na hauna joto jingi. Ukiuachia uwanja mkubwa unapoa njiani, unashindwa kupanda, unageuka maji meusi. Ndani ya bomba jembamba unabaki na joto, unapanda."

Chini ya bomba aliweka kifuniko cha kutolea majivu. Pale baba alipoacha wazi, aliziba kwa bati na sufi ya mawe isiyoungua, si matambara. Jiko akalisogeza mbali na boriti za mbao, na chini yake akalaza bamba la chuma. Akatoboa tundu ukutani la kuingiza hewa kutoka nje. Baba akaguna kwamba tunapasha nyumba halafu tunatoboa ukuta. Ornella akamwambia moto nao unapumua, usipoupa hewa ya nje utakula ya kwako. Akabadilisha soketi, akaweka yenye waya wa ardhi. Na ukutani akatundika king'ora kidogo cha kunusa ile hewa ya sumu.

Yote hayo yalikuwa rahisi. Gumu lilibaki moja. Dohani moja, moto mmoja. Meko ya bibi hayawezi kuwaka tena.

Baba aliogopa kumwambia. Ornella ndiye aliyekwenda kugonga mlango wa chumba. Hakubembeleza. Alimwambia tu kwamba uani kuna tanuri la zamani la mkate, lina dohani yake peke yake, na ameshalisafisha bila kuombwa. Bibi akatoka. Alisimama mbele ya meko muda mfupi. Akaitikia kwa kichwa, kisha akawasha moto mdogo kwenye lile tanuri, akatundika sufuria ya shaba juu yake, akakoroga, akaonja.

"Polenta haijui imehama," alisema.

Siku ya Epifania shangazi Loreta alifika na gari, na sanduku tupu la nguo za bibi. Aliingia amevaa koti, skafu na uso wa vita. Kipimajoto kilisema nyuzi ishirini na moja. Alikagua kila kona. Akasoma cheti cha kazi alichoacha Ornella, kurasa zote. Akavua skafu. Akavua koti. Akakaa kidogo kwenye kiti cha bibi, na baada ya dakika kumi alikuwa anakoroma mdomo wazi. Hiyo nayo ninayo kwenye simu. Lile sanduku bibi alilijaza peleti, akasema ni mahali pakavu, na peleti zikilowa zinavimba na jiko haliwezi kuzila. Amepanga kila jioni ya Jumamosi baba amwage majivu, na kila Septemba Ornella apige brashi.

Lakini nilikuahidi jambo la kuaminika kwa shida, na bado.

Mchana huo, kabla haijawashwa ile mioto mikubwa tunayowasha mlimani kila Epifania, bibi alilifunga lile paja kwa kitambaa cheupe cha mezani. Akalikumbatia kama mtoto. Nilinyanyua simu kumfuata. Akaninyang'anya, akaitia mfukoni mwa aproni, kwa hiyo hapa itabidi uniamini mdomo wangu. Alipita katikati ya kijiji, watu wakiwa vibarazani. Alifika nyumba ya tatu. Akagonga.

Mzee Tite alifungua. Alilitazama paja. Akalitazama lile fundo. Akamtazama bibi.

"Umechelewa, Nives," alisema. "Sasa nina meno mawili."

"Hili si la kula," bibi akamjibu. "Hili ni la kukuonyesha mimi ni mtu wa namna gani. La kula liko kwenye tanuri, na ni laini. Vaa kofia uje."

Mzee alisimama hapo mpaka nikahisi vidole vya miguu vinaganda. Halafu akarudi ndani. Alitoka amevaa kofia, akampa bibi mkono wa kuegemea, ingawa mwenye fimbo ni yeye.

Tulikula jikoni kwetu watu sita, madirisha yamefungwa, vichwa vizima. Paka amelala mbele ya jiko, tumbo juu.

Sasa niambie wewe. Unajua umemwita mtu mwizi miaka tisa, na ushahidi uko mikononi mwako. Kuirudishia dohani siri yake huwezi, maana sasa ina bomba na imezibwa. Ungeugonga mlango ule mchana kweupe, kijiji kizima kikitazama?