Msumari wa Shimba

Kitendawili. Msumari wangu ni wa chuma. Mchwa hawauli, lakini watauangusha. Watauangushaje?

Usinipe mji bado. Hata Shimba wa mtaa wa Pasiansi alitegewa hicho hicho na mkewe Justa, hakukitegua siku hiyo.

Shimba ni mpiga tarumbeta wa kanisani. Jino lake la mbele lilitoka alipoteleza kwenye mawe ya ziwani. Akapandikiziwa jingine, lenye skrubu ya chuma iliyokazwa ndani ya mfupa wa taya. Bila jino hilo tarumbeta lake hutoa upepo mtupu, na harusi ya binti yao Precious ilikuwa imekaribia.

Siku moja redio ikasema wataalamu wanajaribu kuzipaka skrubu za namna hiyo dawa za asili zinazozuia vijidudu. Shimba hakusubiri habari iishe. Akachanganya asali na unga wa mwarobaini, akawa analizungushia jino kila akimaliza ugali. Mswaki akauweka kando, usije ukafuta dawa.

Justa alisema mpaka akachoka. Alisema akifagia, alisema akichambua dagaa. Fizi ikavimba, ikatoa damu mpaka kwenye mto wa kulalia, mdomo ukanuka. Mumewe akajibu kwamba chuma hakiozi. Ndipo Justa akamtegea kile kitendawili. Shimba akaomba aongezewe mboga.

"Baba Precious," Justa akasema, "mimi nimeolewa na mtu au na mzinga wa nyuki?"

Usaha ulipoanza kutoka, Justa alimvuta hadi kwa daktari wa meno kule Nyamagana, binti aitwaye Akelo. Akelo akatoa shikamoo, akamchungulia mdomoni, akauliza jino hilo linapigwa mswaki lini. Shimba akatazama dari. Justa akajibu kwa niaba yake, na hakufupisha.

Akelo akashusha pumzi. "Mzee, ile dawa wanaipaka kwenye skrubu kabla haijaingia mfupani. Na bado wanaichunguza. Hii asali yako inagandamana na mabaki ya ugali, vijidudu vinafanya sherehe."

"Kwani chuma kinaoza?"

"Hakiozi. Inaugua fizi, kisha unalika mfupa ulioshika chuma. Ukichelewa, jino litatoka, zima kabisa."

Kwa bahati nzuri, mfupa ulikuwa bado imara. Akelo akamsafisha. Akamwonyesha kupiga mswaki laini asubuhi na kabla ya kulala, hasa pale fizi inapokutana na jino, na kupitisha uzi wa meno. Akamwambia arudi kukaguliwa hata kama hasikii maumivu. Akiona damu au usaha, aje upesi, asipake kitu.

Justa alimsimamia kama mwalimu wa zamu. Asali ikarudi kwenye uji. Taratibu fizi ikanywea, damu ikakoma. Siku ya harusi tarumbeta la Shimba lilisikika mpaka mwaloni, kwa wauza dagaa.

Alipomaliza kupuliza akaketi, akajifuta midomo, akamwinamia mkewe.

"Mama Precious, ule msumari wako," akasema. "Mchwa wanakula ubao ulioushika."