Vidonge Kwenye Nywele

Mtaani kwetu hakuna anayetunza siri kama mimi. Ndiyo maana siri hii ya mwanangu nimewaambia watu wachache tu, labda kumi na tano, na sasa ninyi.

Mwanangu ni kinyozi. Kila asubuhi hufungua duka, hufuta kioo, husafisha mashine, kisha huita wateja. Binti yake wa miaka kumi na miwili akitoka shuleni hupitia pale kufagia nywele. Tunamwita Redio, maana tangu aanze kusema hajapata kuzimwa.

Mwaka mmoja duka lilifungwa miezi minne. Mwanangu alishikwa na sonona, ugonjwa wa huzuni nzito usiomwachia mtu hata nguvu ya kuoga. Alishinda kitandani akiuangalia ukuta. Yeye anayenyoa watu wote alifuga ndevu mpaka nikamwambia ndege watajenga humo. Hakucheka. Hapo nikajua ni mgonjwa kweli, kwa sababu utani wangu huchekwa.

Daktari alimpa vidonge, kimoja kila siku baada ya chakula cha jioni. Wiki zilipita. Akaanza kula, akaanza kuoga, na siku moja nikasikia mashine ya kunyolea ikinguruma dukani. Nilitokwa na machozi, nikasingizia kitunguu.

Lakini vidonge vilikuja na mgeni wao: ndoto. Chai ya asubuhi ikawa na sinema.

"Mama, leo nimeota namnyoa mtu. Kila nikikata, nywele zinaota upya. Zimejaa duka zima, zimeniziba pumzi!"

"Ukamwacha bila kumaliza?"

"Mama, si mchezo. Nimeamka nimelowa jasho."

Siku nyingine aliota masikio ya wateja yanamdondokea mikononi kama matunda mabivu. Kisha akaacha kusimulia. Nikadhani ndoto zimekwisha. Kumbe!

Mchana mmoja Redio alikuwa anafagia, akaona kitu cheupe katikati ya nywele.

"Baba, hiki si kidonge chako?"

"Kimeniponyoka," akasema, akakinyakua.

Kesho yake Redio akakuta vingine viwili. Vilikuwa vikidondoka kutoka mfuko wa shati la baba yake kila alipoinama.

"Baba! Humezi!"

"Punguza sauti. Nimeshapona, nataka kulala kama watu wengine. Na usimwambie bibi yako. Ukimwambia yule, umebandika tangazo ukutani."

Jioni nilimwuliza mjukuu wangu, "Baba yako amemeza dawa?"

"Amemeza, bibi," akajibu, macho kwenye sahani.

Wiki ile hakuzungumza sana. Nikamtania, "Redio imekwisha betri?" Alitabasamu upande mmoja tu.

Haikuchukua muda. Mwanangu alianza kushikwa na kizunguzungu, na hasira za karibu. Siku moja alikuwa akimpunguzia fundi bomba mmoja sharubu, sharubu zilizofugwa miaka mitatu kwa mapenzi makubwa. Mkono ukateleza. Nusu ya sharubu ikaenda.

"Ndugu yangu, umenifanya nini?" fundi akalia.

"Hujaridhika, nenda kanyolewe kwingine!" mwanangu akafoka, mtu anayemwomba radhi hata nzi.

Alifunga duka, akarudi nyumbani, akalala akiuangalia ukuta. Redio alisimama mlangoni akiutazama mgongo wa baba yake. Aliujua vizuri mgongo ule. Akaja jikoni, akafungua kitambaa. Ndani mlikuwa na vidonge vitano vilivyogandwa na nywele.

"Bibi, nilikudanganya. Baba alisema ni siri. Lakini anauangalia ukuta tena."

Nilitaka kumgombeza. Badala yake nikamshika mkono tu, tukaingia chumbani pamoja.

"Baba, nimemwambia bibi," akasema.

Mwanangu hakugeuka. "Si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana. Lakini baba, ukilala hivi tena, mimi nitafagia nini?"

Kisha kitanda kikalia, na mwanangu akakaa. "Leteni viatu vyangu," akasema.

Kliniki hatukukuta foleni ndefu. Mwanangu alimweleza daktari yote, hata masikio. Daktari, mama mmoja mpole mwenye miwani, hakushangaa.

"Dawa hizi huwaletea baadhi ya watu ndoto kali," alisema. "Si wazimu, wala si ishara ya mabaya. Lakini kuziacha ghafla ndiko kulikokuletea kizunguzungu na hasira, na ugonjwa wenyewe ukapata upenyo wa kurudi. Dawa ikikusumbua, niambie mimi. Sitajua kinachotokea mwilini mwako kama hunielezi."

Akabadilisha kipimo, akahamisha saa ya kumeza kutoka jioni hadi asubuhi. Kisha akamgeukia Redio.

"Siri ya zawadi, itunze, mwanangu. Siri inayomdhuru mtu, mpelekee mkubwa unayemwamini, hata kama uliahidi kunyamaza. Hujamsaliti baba yako. Umemrudisha."

Redio akalia kidogo, kisha akaanza kusimulia habari za shuleni, na hakunyamaza mpaka nyumbani.

Fundi bomba naye alirudi kunyolewa nusu iliyobaki. Mkewe alifurahi, akasema kumbe mumewe ana mdomo.

Wiki nne baadaye tulirudi kliniki. Mwanangu alikuwa amenenepa, shati limepigwa pasi, mfuko mtupu.

"Na ndoto?" daktari akauliza.

"Zimekwisha, daktari. Siku hizi sioti kabisa, hata kidogo."

"Baba!" Redio akadakia. "Na simba wa jana je?"

Daktari akavua miwani. "Simba gani?"

Mwanangu akaangalia dari, akaangalia viatu, akaona hana pa kutokea. "Nilikuwa namnyoa," akanong'ona.

"Akakuuma?"

"Hapana. Alisema nimemwachia nywele ndefu pembeni."