Shati Jeupe la Babu

Kila siku Sindano, aliyeitwa hivyo kwa wembamba wake, aliamshwa na mlio wa cherehani ya mama yake. Asubuhi ya sikukuu cherehani ilinyamaza. Mama alikuwa jikoni akikaanga vitunguu huku akiimba, na wimbo huo ulimchoma Sindano rohoni.

Babu ndiye aliyemfundisha Mama kushona. Mama alipofungua duka lake mwenyewe, Babu alisema, "Umenitupa!" Mama naye akajibu jibu lisilomfaa mzazi. Tangu hapo hawakukanyagiana mlango, na nyumba ikampwaya Mama kama gauni la kuazima.

Wiki iliyopita Mama alikuwa amemtuma Sindano. "Mwambie babu yako aje tule sikukuu pamoja. Mwambie naomba anisamehe." Sindano alifika mlangoni kwa Babu, akamsikia akimfokea mteja, akageuka bila kubisha hodi. Akarudi nyumbani na kusema, "Amekubali."

Sasa meza ilikuwa tayari. Shati jeupe ambalo Mama alimshonea Babu lilining'inia kitini. Wali ulianza kupoa. Mama alifunika sahani ya Babu, akaifunua, akaifunika tena.

"Labda bado anavaa," alisema. Baadaye akasema, "Labda hataki tu kuniona." Akaanza kulikunja shati, na chozi likadondoka kwenye kola.

Sindano hakuweza kuvumilia. "Mama, sikumwambia. Niliogopa, nikarudi, nikakudanganya."

Mama alimtazama mpaka Sindano akatamani kuchapwa. "Nenda sasa hivi," alisema kwa sauti ndogo. "Na uongo wako umwambie mwenyewe."

Babu alikuwa peke yake dukani kwake, akila mkate mkavu kwenye meza ya kukatia nguo.

"Shikamoo, Babu," alisema Sindano, kisha akasema yote bila kupumua.

Babu aliweka mkate chini. "Aliomba nimsamehe? Wiki nzima nami nimekaa hapa nikinuna kwamba hata salamu hanipi!" Akaanza kutafuta kofia, nayo ilikuwa kichwani.

Nyumbani, Mama alimvalisha Babu shati. Likampwaya mabegani. Babu alikuwa amekonda sana.

"Nilikata kwa vipimo vya zamani," alisema Mama.

"Fundi gani hukata bila kupima?" Babu alifoka, lakini machozi yalikuwa yakimlengalenga. "Ndivyo nilivyokufundisha?"

"Hukuwepo nikupime, Baba."

"Basi leo nipo."

Kisha akamgeukia Sindano. "Sikia, mjukuu wangu. Shati pana hupunguzwa, lakini lililokatwa fupi halirefuki. Ungekaa na uongo wako, ungetukata vipande viwili, mimi huku na mama yako kule. Ukitumwa neno, lifikishe. Na ukiogopa, sema umeogopa."

"Ndiyo, Babu."

Wali ulikuwa umepoa kabisa. Mama alichukua utepe wa kupimia, akajifuta macho kwa kiganja. "Inua mikono, Baba."