Pale Bahari Ilipotulia

Mume wangu ni fundi bomba. Mtaa mzima unamwita Fundi, na mimi pia namwita hivyo. Mimi ni msusi. Binti yetu tunamwita Chiriku, maana akiamka mdomo haupumziki mpaka alale.

Tunaishi katika vyumba viwili vya bati. Siku za joto kila mtu ndani ananuna. Lakini siku ya mapumziko tunafunga mlango na kwenda ufukweni. Mji wetu una fukwe nyingi za umma. Huulizwi kiingilio wala unafanya kazi gani. Jamani, kitu kizuri hivyo, na ni chetu sote!

Tulijiwekea desturi: kila mapumziko, ufukwe mpya. Ule wa nyuma ya soko la samaki una mchanga laini kama unga. Ule wa mawe una vidimbwi bahari inapokupwa. Humo Chiriku alimwona kaa mdogo amebeba nyumba yake mgongoni.

"Mama, huyu hana mwenye nyumba wa kumfokea!" alisema. Tulicheka njia nzima.

Kisha tukafika ufukwe wa mivinje. Sijawahi kuona mahali pazuri kama pale. Miti imejipanga, kivuli kimelala mchangani, na mawimbi meupe yanakuja moja baada ya jingine. Nilishika kiuno nikatazama tu.

"Fundi, tulikuwa wapi siku zote hizi?"

Watu wengi walikuwa wanaoga upande wa pili, mbele ya kibanda cha waokoaji. Mbele yetu mawimbi yalikuwa makubwa, isipokuwa sehemu moja nyembamba. Kushoto povu, kulia povu, pale katikati tuli.

"Pale ndipo petu," Fundi alisema. "Kwa nini mtoto apigwe na mawimbi?"

"Una uhakika?"

"Mke wangu, mimi na maji tunajuana. Ndiyo kazi yangu."

"Unajuana na maji ya bomba," nilimwambia.

Alicheka, akamshika Chiriku mkono, wakaingia. Mimi nikainama kutandika mkeka. Nilipoinua macho, walikuwa mbali. Fundi alikuwa amemkumbatia mtoto kwa mkono mmoja. Kwa mkono mwingine alipiga maji arudi kwetu, lakini harudi. Kila akijitahidi, bahari inamvuta.

"Mamaaa!" Chiriku aliita.

Nikakimbilia majini na nguo zangu. Sijui kuogelea hata kidogo, lakini nani alikumbuka hilo? Maji yaliponifika magotini, filimbi ikalia na mkono ukanidaka.

"Simama! Ukiingia, nitakuwa na watu watatu wa kuokoa!"

Alikuwa mwokoaji, dada mmoja mwembamba mwenye filimbi shingoni. Alipaza sauti: "Baba! Acha kupambana! Eleeni!" Kisha akajitosa na boya lake.

Ajabu ni kwamba yeye hakushindana na maji. Aliyaacha yampeleke. Akawafikia, akawashikisha boya. Hawakurudi moja kwa moja. Walikwenda kando, sambamba na ufukwe, mpaka kwenye povu. Hapo mawimbi yenyewe yakawasukuma nchi kavu. Nililia, lakini hata katikati ya machozi niliona jinsi dada yule alivyoijua kazi yake.

Fundi alijitupa mchangani akihema. Chiriku alikuwa kimya, na kimya kile kiliniogopesha. Mwokoaji alimsikiliza anavyopumua, akamfunika taulo.

"Ni mzima," alisema. "Lakini nendeni zahanati leo hii mkapimwe wote wawili. Mmekunywa maji, na madhara yake yanaweza kuchelewa kuonekana."

"Dada, mimi nilidhani pale ndipo salama," Fundi alisema. "Pametulia!"

"Wengi wanadhani hivyo. Niambie, mawimbi yanaleta maji ufukweni. Maji hayo yanakwenda wapi?"

Fundi alifikiri. "Lazima yatafute pa kutokea."

"Basi yanatokea palepale palipotulia. Pamechimbika, ndiyo maana mawimbi hayavunjiki. Maji yanarudi kilindini kwa kasi. Ule ni mkondo. Tazama rangi yake, imekoza kuliko pembeni. Tazama povu linavyokwenda nje badala ya kuja kwetu."

Tulitazama. Lo! Ulionekana wazi kama njia ya watu nyasini.

Fundi akashika kichwa. "Kumbe nimemwogesha mwanangu ndani ya bomba la maji machafu!"

"La kutolea maji," mwokoaji alimsahihisha, akatabasamu. "Kimya kingi kina mshindo mkuu, kaka."

"Na mtu akishanaswa?" niliuliza.

"Asishindane nao. Hata mwogeleaji hodari atachoka. Mkondo haukuvuti chini, unakupeleka nje tu. Hofu na uchovu ndivyo vinavyozamisha. Ulale chali, uelee, upumue, uinue mkono, uite. Ukiweza, ogelea kando, sambamba na ufukwe. Ukishatoka kwenye mkondo ndipo urudi."

"Na sisi tulio nchi kavu?"

"Msiingie. Mwiteni mwokoaji. Mtupieni aliyenaswa kitu kinachoelea. Hata dumu tupu lenye kifuniko linafaa. Mwonyesheni kwa mkono aelekee wapi."

Zahanati waliwakuta wazima, lakini nyumbani nilisema sitaki tena kuiona bahari. Niliichukia kweli. Lakini Chiriku alianza kuogopa hata beseni la kuogea, na Fundi akaniambia, "Tukiacha hapa, mtoto atabaki na hofu peke yake."

Basi tukarudi kwa yule dada. Alitufundisha kuelea, mbele ya kibanda chake, maji ya kiunoni. Na mimi, mtu mzima na mwili wangu huu, nililala chali juu ya maji. Masikio yalikuwa majini na macho mbinguni. Bahari ilinibeba kama mtoto. Sina maneno ya kuisifu siku ile.

Desturi yetu ya fukwe mpya tumeirudisha. Ila sasa tukifika, hatuvui viatu kwanza. Tunasimama mahali pa juu, tunayatazama maji. Pasipo na mwokoaji, tunatembea mchangani tu. Na Fundi haachi dumu lake, limefungwa kamba.

Juzi tulikuwa kwenye ufukwe usio na mwokoaji. Tuliona binti mkubwa anaingia palipotulia. Fundi alimpigia kelele, lakini alikuwa amechelewa. Mkondo ulishamchukua.

Baba yake alipita mbio mbele yangu, na suruali yake na viatu. Nilimdaka shati.

"Niachie! Ni mwanangu yule!"

"Najua. Ndiyo maana sikuachii."

Alinisukuma. Nilimng'ang'ania kwa mikono miwili. Chiriku alikuwa ukingoni, anapaza sauti: "Dada, lala chali! Elea! Inua mkono!" Binti akamsikia. Akalala. Mkono ukainuka juu. Fundi akalirusha dumu, likaanguka karibu. Akaiachia kamba, maji yakampelekea binti dumu, naye akalikumbatia.

"Kando! Njoo kando!" Chiriku alielekeza kwa mkono.

Binti akapiga miguu kuelekea kwenye povu, polepole. Wimbi la kwanza likamsukuma. La pili likamleta mpaka miguuni petu.

Baba yake alipiga magoti akamshika uso. Shati lake lilikuwa limechanika bega zima, nami bado nimeshika kipande. Akanigeukia.

"Mimi sijui kuogelea," alisema kwa sauti ndogo.

"Nilijua," nikamwambia. "Ulikimbia kama mimi."